Kifurushi Kilichotangulia Lucknow

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe 14 Novemba 2017, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mke wangu Kesar alikuwa amesimama mlangoni na viatu miguuni. Hivyo viatu ndivyo vinavyonila mpaka leo. Kesar hakuwa mtu wa viatu, alikuwa mtu wa kandambili, lakini alisikia kwamba Lucknow kuna kutembea sana, basi akaazima viatu vyeusi vya shule vya binti yetu Vandana, akavikaza kamba mpaka vidole vikalaliana. Puri kumi na nane, vile vichapati vya kukaanga, na viazi vikavu vilikuwa vimeshafungwa kwenye kitambaa. Treni ya abiria ya kwenda Jhansi, ambako tungepanda ya Lucknow, hupita kwetu saa kumi na mbili na dakika kumi.

Nikamwambia, "Mama Vandana, vua viatu. Bwana Khare amenikatalia likizo."

Ulikuwa uongo. Naliweka hili mbele kabisa, nisije nikaanza kulaumu wakubwa kama ilivyo kawaida yangu, nawe ukanionea huruma, halafu ukaja kujuta. Bwana Khare hakunikatalia. Hakunikatalia kwa sababu sikumwomba.

Mimi naitwa Halke. Nilisoma mpaka darasa la tano. Mwalimu wetu akahamishwa, hakuletwa mwingine, nami nikaona serikali imenihitimisha. Nikaingia genge la reli. Miaka thelathini na minne nimetembea juu ya mataruma na nyundo begani, kutoka stesheni yetu ya Dhaurpura mpaka darajani na kurudi, nikikaza skrubu na kusikiliza chuma. Reli nzima hugongeka kwa sauti moja, reli iliyopasuka kwa sauti nyingine. Wakubwa wamepita juu ya kazi yangu wamelala nyuma ya mapazia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchungulia dirishani akauliza nani amekaza. Haya ni kweli na nitayasema mpaka nife. Ila hayahusiani na viatu vya Kesar, ingawa kwa miaka sita nilijitahidi kuyahusisha.

Hamu ya Lucknow ililetwa na dada yake, Mithla. Hao wanaogombea viti walikuja kijijini kwa Mithla na malori, wakazoa watu kwenda kujaza uwanja wa mkutano wao huko Lucknow, kila mtu puri nne na kofia. Mithla akavaa kofia, akala puri, na lori lilipofika akaachana na hotuba akaenda kuangalia mji. Aliporudi alizungumza wiki nzima. Jumba kubwa la Imambara, ukumbi ambao dari lake halina nguzo hata moja katikati. Juu yake vijia vya giza ambamo watu hupotea wakatoka wanacheka. Na kile kitamu cha asubuhi za baridi, povu la maziwa, ukikiweka ulimini unabaki unajiuliza kama uliweka kitu. Lakini kilichomkaa Kesar kilikuwa kimoja. Mithla alisema kule juu ukutani kuna ujia mrefu, mtu akisimama ncha ya huku akachana karatasi, wewe wa ncha ya kule unasikia inavyochanika. Akinong'ona, unasikia.

"Baba Vandana," Kesar akaniambia siku hiyo, anakanda unga, "wewe utasimama ncha ile, mimi hii. Useme kitu polepole. Tangu unioe unaongea nami kama kuna treni inapita."

Nikamwuliza niseme nini. Akasema, sasa mimi nikikuambia si nitakuwa nimeshasikia?

Reli ilikuwa ikitupa pasi za bure kila mwaka, mimi na mke na mtoto. Katika miaka yote hiyo nilizitumia mara tatu, na zote tatu kulikuwa na maiti inasubiri. Genge letu lilikuwa hivyo. Likizo iliombwa kwa maiti, kwa harusi, au kwa mkono uliobanwa na taruma. Kuomba likizo ukatembeze mke, hilo lilikuwa jambo la watu wa ofisini, wenye kofia za sufu na chupa za chai.

Lakini mwaka ule Kesar alishikilia. Safari tuliipanga uani, siku mbili tu: kufika Jumanne mchana, Imambara, kulala katika nyumba ya wasafiri karibu na stesheni, Jumatano asubuhi povu la maziwa, kisha sokoni kuangalia vitambaa vyeupe vya kutarizi, kuangalia tu, halafu treni ya kurudi. Vandana alikuwa kidato cha tano na mwandiko kama wa mashine. Ndiye aliyenijazia fomu ya likizo. Alipofika penye sababu nikamwambia andika bibi yako mzaa mama ni mgonjwa. Akasema bibi ameshakufa, Baba, na ulishamwombea likizo ya kufa. Akaandika: Kumwonyesha mke wangu mji wa Lucknow. Kesar akataka asomewe mstari ule mara mbili. Mimi nikatia sahihi yangu, ambayo ni herufi tano zinazopanda mlima.

Sasa kulikuwa na tatizo la siku. Jumanne mtu haendi kaskazini, hata mtoto analijua hilo kwetu, na Lucknow iko kaskazini. Lakini wazee hawakuwa wajinga. Walijua kuna siku huna hiari. Ikiwa siku ya kuondoka ni mbaya, unatoka siku iliyo njema kabla yake, kwa kifurushi. Unafunga mchele kidogo, kipande cha bizari, popoo, na kitu cha mwilini mwako, ukakipeleka nyumba iliyo upande unaokwenda. Kifurushi kikishavuka kizingiti, wewe umeshasafiri. Kesho yake unakipitia tu njiani. Kitu kimoja hakifanywi: kukirudisha nyumbani. Ukikirudisha umeikata safari miguu, na hujui mwenye safari atakatika nini.

Jumatatu ile, tarehe kumi na tatu, Kesar akafunga kifurushi chake kwa kitambaa cha manjano, akatia na kitana chake cha mbao, akakipeleka kwa Gulab. Gulab ni mjane wa mlinzi wa kivuko cha reli, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kaskazini, ng'ambo ya geti. Aliporudi alikuwa na nywele za kuchanua kwa vidole na uso wa mtu aliyeko njiani. Mimi nilikuwa na fomu mfukoni mwa shati siku ya tatu.

Kwa maana Jumamosi nilikuwa nimekwenda ofisini. Namwapia Kesar, nilikwenda. Bwana Khare, msimamizi wetu wa njia, alikuwa na mgeni, mkubwa kutoka Jhansi mwenye skafu. Nisiseme Khare alikuwa mtu mwema. Alikuwa akiwatumia vijana wa genge kumwagilia kabichi zake, na mtu akilegea alimwandikia barua ya onyo ndefu kuliko barabara. Nikasimama mlangoni, mkono kifuani juu ya ile karatasi. Khare akaniona, akanionyesha kwa kidole.

"Huyu ndiye Halke," akamwambia mgeni. "Miaka yote hii hajaniomba siku moja bila maiti. Ningekuwa na kumi kama huyu, njia ingejitunza yenyewe."

Mkubwa akaniangalia, akasema vizuri, vizuri sana. Kisha Khare akaagiza nipewe chai. Na nikapewa katika kikombe chao. Nje ya ofisi ile kulikuwa na bilauri ya bati iliyotundikwa msumarini, ambayo sisi watu wa tabaka la chini ndiyo tuliyonywea, tunaosha wenyewe na kuitundika tena. Siku ile nikapewa kikombe cha udongo mweupe chenye ua la buluu, na kisahani chake. Nilikunywa nimesimama. Karatasi ilikuwa hapo hapo kifuani, inapata joto la chai. Nikaona kama nikiitoa, ile "sababu" itasomwa kwa sauti, mgeni atacheka, Khare atacheka, na kikombe kitarudi kuwa bati.

Nikarudisha kikombe na kisahani, nikainama, nikaenda zangu.

Jumapili sikusema. Jumatatu akapeleka kifurushi, sikusema. Jumanne akavaa viatu.

Nilipomwambia Khare amekataa, Kesar alinitazama kidogo. Hakulia. Vandana ndiye aliyelia, akamtukana Khare kwa maneno ambayo sikujua anayajua, nami nikamwacha amtukane. Hata nikamsaidia. Nilikaa kizingitini nikawasema wakubwa wote, kuanzia Khare kwenda juu mpaka Delhi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuamini. Puri tukala wenyewe kwa siku mbili.

Nikamwambia Kesar akakichukue kifurushi chake. Akasema, "Nikichukue nirudi nacho wapi? Mimi nimeshaondoka. Wewe endelea kuomba."

Ikawa mzaha wake. Chumvi ikizidi kwenye dengu: usinilaumu, mimi niko Lucknow. Jirani akimwita hasikii: mwache, yuko Lucknow. Nami nilicheka pamoja na wengine. Kila mwaka baridi ilipoanza aliniuliza mara moja tu, wala hakurudia: "Umemwomba?" Nami kila mwaka nilikuwa na jibu. Ukungu. Watu wamepunguzwa kwenye genge. Uchaguzi. Kisha ule ugonjwa ulioifunga dunia nzima, ambao niliupokea, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeletewa udhuru mlangoni. Mwezi Agosti 2022 homa ya ini ikamshika. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, kitandani wawili wawili, na macho yake yalikuwa na rangi ya kile kitambaa cha kifurushi. Siku ya nne akanishika kiganja. "Umemwomba?" Nikasema, ukipona nitamwomba. Hakupona.

Mwaka uliofuata nilistaafu, nikapewa shada la maua na mwavuli. Vandana sasa ni muuguzi katika zahanati moja Jhansi, ana miaka ishirini na mitatu. Katikati ya Novemba mwaka huo, 2023, akanipigia simu. Alikuwa na mipango miwili, yote ameshaipanga.

Wa kwanza: tunakwenda Lucknow, mimi na yeye, siku mbili, vilevile kama ile ratiba ya mama. Imambara, povu la maziwa, soko la vitambaa. Tutachukua kifurushi cha mama kwa Mama Gulab, tutakizungusha kila mahali alipotaka kufika, kisha tukitupe katika mto Gomti wa kule kule, ili safari yake iishe. Nikamwambia magoti yangu. Akasema Baba, umetembea reli miaka thelathini na minne, magoti yataweza ngazi. Nikamwambia mji una wezi. Akasema watatuibia nini, mwavuli?

Wa pili ndio ulionitisha. Khare naye alikuwa anastaafu, sherehe yake Alhamisi tarehe thelathini, na vipaza sauti na peremende. Vandana alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa ameandika kurasa mbili. Atasimama mbele ya watu na mke wa Khare na watoto wa Khare, asome namna mtu mmoja alivyomnyima mwanamke mmoja siku mbili za maisha yake. Akanisomea kidogo kwenye simu. Iliandikwa vizuri.

Ningemwambia pale pale. Ulimi ulifika mpaka menoni. Badala yake nikasema, "Mwanangu, yule ni mzee, mwache," na yeye akasema, "Wewe una moyo mkubwa, Baba." Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Jumatatu tarehe ishirini na saba Vandana alikuwa anakuja kwa treni ya saa nne kuchukua kifurushi. Nikaona nimtangulie. Sikujua nataka nini hasa. Nilivuka geti saa tatu, nikamkuta Gulab uani anaanika pilipili.

"Karibu, shemeji. Miaka sita hujavuka kizingiti hiki," akasema. "Nilidhani kaskazini kwako ni Jumanne kila siku."

Akanionyesha. Kilikuwa kwenye shubaka la chumba cha mbele, kitambaa kimeiva rangi ya majani makavu. Akanieleza kwamba kila mwaka kabla ya Diwali, akipaka nyumba chokaa, hukishusha, hupaka shubaka, hungoja likauke, hukirudisha. Mwanawe alitaka kuweka redio pale. Akamwambia hapo kuna mtu.

Nikamwomba anipe nimshikie Vandana. Alikaa, akafuta mikono, akasema kuna jambo aliapishwa asilitoe ila niulize, na kwa kuwa sikuuliza miaka sita, na binti anakuja leo, ataona nimeuliza.

Kesar alikuja kwake Jumatano, siku moja baada ya safari kuvunjika. Alikuwa ametoka kufua. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Akaniambia, Gulab, fungua nitie na hii," Gulab akasema. "Nikamwuliza ni nini. Akasema ni likizo ya Baba Vandana, nimeikuta mfukoni, haijakwenda popote. Nikamwambia, dada, basi mpasulie ukweli, mwulize! Akasema hapana. Siku atakayoniambia mwenyewe, siku hiyo hiyo tunapanda treni."

Nilikaa chini. Sijui nilikaa juu ya nini, baadaye niliambiwa ni pilipili.

Kwa hiyo ile "umemwomba" haikuwa swali la Khare. Mara tano aliniuliza, na mara ya tano akiwa na macho ya manjano, naye anajua. Alikuwa ananifungulia mlango, mimi naegemeza ukungu na uchaguzi. Hakuwa na haja ya likizo. Alikuwa anasubiri sentensi moja, na hiyo sentensi Khare hakuwa nayo, wala waziri, wala Delhi. Nilikuwa nayo peke yangu.

Gulab akaniwekea kifurushi mapajani. "Binti yako atakifungua," akasema. "Nani anampeleka mama yake mtoni bila kumtazama? Mimi naenda kuteka maji." Bomba liko hatua tano kutoka pale, lakini alikaa muda mrefu.

Nikafungua. Mchele umekuwa unga, wadudu wameshakula wakaondoka. Popoo, bizari, kitana na nywele mbili. Na fomu, mwandiko wa Vandana, na sahihi yangu inayopanda mlima. Sehemu ya mhuri tupu, nyeupe.

Nitasema nilichofanya. Niliitoa, nikaitia mfukoni mwa shati, mfuko ule ule wa kushoto, nikafunga kifurushi, nikakirudisha shubakani, nikatoka. Gulab alikuwa bombani na ndoo iliyojaa zamani. Hakuniuliza.

Nikafika kwenye geti nikalikuta limefungwa. Treni ya makaa ilikuwa inapita, ndefu, inajikokota. Ng'ambo, kati ya behewa na behewa, nikaona kitambaa cha kijani, kikapotea, kikaonekana. Alikuwa Vandana, ameshashuka, anangoja kuvuka kuja upande wangu. Kila nafasi ikipita ananiona, anapunga mkono. Nami kwa mazoea nikasikiliza chuma. Magurudumu yalikuwa yanapiga kwenye kiungo cha reli pale getini, na kiungo kimoja kilikuwa kimelegea. Nikasema moyoni, angalia wanavyolea njia siku hizi, hakuna anayekaza. Mkono wangu ukiwa kifuani juu ya karatasi. Hapo nikajisikia mwenyewe, nalaumu tena wengine.

Geti lilipopanda, akaja anacheka, begi mgongoni. Nikamtolea fomu kabla hajaniamkia.

Aliusoma mwandiko wake mwenyewe. Kwanza alitabasamu, kama mtu aliyekutana na picha yake ya utotoni. Kisha akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Haina mhuri," akasema.

"Haina."

"Hukumpelekea."

"Sikumpelekea, mwanangu. Nilifika mlangoni. Walinisifu, wakanipa chai."

Pikipiki zilikuwa zinatupigia honi, tumesimama katikati ya kivuko. Hakusogea. Akauliza mama alijua lini. Nikamwambia siku iliyofuata, alipofua shati. Nikamwambia na maneno ya Gulab, yote, sikuacha. Alikuwa anaikunja ile karatasi katika mikunjo yake ya zamani, mara nne.

"Miaka sita nimemchukia mtu," akasema. "Nimeandika kurasa mbili."

Nikamwambia, "Yapo mengine ya kumsomea. Kuna kabichi."

Ulikuwa mzaha, wa kijinga, ulinitoka wenyewe. Hakucheka. Alinipita, akaenda kwa Gulab. Mimi nikarudi upande wa kwetu. Sikumwona tena siku ile. Treni ya saa tisa ilipopita kwenda Jhansi, Gulab alinieleza kesho yake, Vandana alikuwamo, na kifurushi mapajani. Hakukirudisha nyumbani. "Kimesogea stesheni nne," Gulab akasema, kama mtu anayetoa habari za mgonjwa.

Alhamisi nilikwenda kwenye sherehe ya Khare. Vandana hakuja. Khare alivikwa maua mpaka masikioni, mzee kumbe, mikono inamtetemeka, mke wake anamshikia fimbo. Akachukua kipaza sauti, akataja genge lake, na akanitaja mimi. Halke, akasema, hakuwahi kuniomba siku moja. Watu wakapiga makofi. Nikasimama pale nilipokuwa, nyuma, nikasema, "Niliandika moja, bwana mkubwa. Ya kumwonyesha mke wangu Lucknow." Spika zilikuwa zinavuma. Aliyekuwa kando yangu alisikia, akanisogelea akaniuliza, nini? Nikarudia. Akaniambia sawa, mzee, kaa, peremende zinakuja.

Kwa Khare sina neno tena, isipokuwa yale ambayo ni yake kweli.

Vandana amepiga simu leo, Ijumaa. Hakunisalimia, lakini hakukata. Alisema anakwenda Jumapili, ni siku njema kwa kaskazini, ameshakata tiketi yake na kifurushi kiko tayari kwenye begi. Kuna nafasi nyingine moja kwenye behewa lile lile, na itabaki mpaka jioni tu. Atanikatia kwa sharti moja, nami ninaandika haya simu ikiwa gotini, jua limefika kwenye paa la stesheni, sijampigia. Alisema:

"Mimi nitasimama ncha ya mama, na kitana chake mkononi. Wewe utakuwa ncha ya pili, peke yako, hakuna Khare, hakuna treni inayopita. Niambie kwanza, Baba: utasema nini?"